Trela la mitambo halipimwi kwa tani za sakafu

Mhariri,

Matangazo ya matrela ya kubebea mitambo huwa na namba moja iliyokolezwa wino: tani. "Linabeba tani 12", na habari inaishia hapo. Haisemwi kama tani hizo ni za mzigo peke yake au ni jumla pamoja na trela lenyewe, na tofauti hiyo inaweza kufika tani 3. Mnunuzi naye hugonga sakafu kwa kisigino, akatazama unene wa fremu, akalipa. Ningeomba gazeti lako liwatake wauzaji waandike pia uzito wa trela tupu, uwezo wa kila ekseli, aina ya breki, urefu wa rampu (ngazi ya kupandishia mtambo) na kimo cha sakafu kutoka ardhini. Nitaeleza kwa nini.

Chukua kijiko, yaani mtambo wa kuchimbia, ambacho karatasi zake zinasema tani 8. Ongeza ndoo ya pili, nyundo ya kuvunjia mwamba, tangi lililojaa mafuta na tope lililoganda kwenye minyororo yake ya kutembelea, na umeshakaribia tani 9. Trela lina tani 3. Jumla ni kilo 12,000. Kwa trela linalokokotwa kwa mkono wake wa chuma nyuma ya lori, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote inatakiwa ikae kwenye ndoano. Ikipungua hapo, trela huanza kutikisa mkia barabarani. Tukichukua asilimia 12, lori linabeba kilo 1,440 na ekseli zinabaki na kilo 10,560. Ekseli mbili za tani 5 zimeshindwa tayari, ingawa fremu ingeweza kubeba zaidi. Mbili za tani 7 zinatosha na kuacha akiba ya kilo 3,440.

Akiba hiyo lakini haipo mpaka utazame tairi. Uwezo wa ekseli ni uwezo wa kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote: springi, habu, beringi, rimu au tairi. Tairi ya 235/75R17.5 yenye alama 143/141 hubeba kilo 2,725 ikiwa peke yake na kilo 2,575 ikiwa pacha. Nne za namna hiyo kwenye ekseli moja zinazidi tani 10, kwa hiyo ekseli ya tani 7 haina shida nazo. Mtu akizibadilisha kwa tairi za bei nafuu zenye alama 121, kila moja hubeba kilo 1,450. Nne ni kilo 5,800, na ekseli ya tani 7 imegeuka ya tani 5.8. Akiba ya kilo 3,440 imebaki 1,040, na hakuna aliyegusa ekseli. Soma namba ubavuni mwa tairi, usisome karatasi ya muuzaji.

Uulize pia jinsi ekseli zinavyogawana mzigo. Springi za vyuma zilizounganishwa kwa kipande cha mizani katikati hupeana uzito gurudumu moja linapopanda tuta. Ekseli za mpira, ambazo kila moja imefungwa peke yake kwenye fremu, hazipeani. Ndoano ya lori ikiwa juu mno, pua ya trela huinuka na ekseli ya nyuma hubeba karibu kila kitu. Ndiyo maana tairi za nyuma hupasuka wakati za mbele bado zina maua mazuri. Trela lililopakiwa lazima likae sawa na barabara. Kama halikai, rekebisha kimo cha ndoano kwanza.

Kwenye breki ndiko ninakoona watu wakibana fedha vibaya zaidi. Kila ekseli iwe na breki, siyo moja kati ya mbili. Trela letu la tani 12 likishuka mlima wenye kimo cha mita 300, nguvu inayotakiwa kuzuiwa inatosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji ya kawaida. Sehemu huchukuliwa na injini na upepo. Inayobaki inakuwa joto ndani ya breki. Dramu, yaani ngoma ya breki, ikipata moto hutanuka na kukimbia shuu zinazoibana kwa ndani, kanyagio linazama, na dereva anakanyaga zaidi. Diski ikipata moto hunenepa kuelekea kwenye pedi, kwa hiyo haina ugonjwa huo, ingawa pedi zenyewe zina kikomo chao cha joto. Mwendo nao una hesabu yake: kutoka kilomita 60 hadi 80 kwa saa, nguvu ya kusimamishwa huongezeka kwa karibu asilimia 78, si kwa theluthi kama wengi wanavyodhani.

Breki za umeme zenye sumaku ndani ya dramu zinafaa matrela mepesi, na zinapokuwa dhaifu lawama mara nyingi ni ya waya. Kila sumaku hula takriban ampea 3. Magurudumu manne yenye breki ni ampea 12. Kwenye mfumo wa volti 12, waya wa mita 12 kwenda na mita 12 kurudi, wenye unene wa milimita za mraba 2.5, hupoteza karibu volti 2 njiani. Wa milimita za mraba 6 hupoteza chini ya volti 1. Na usitegemee fremu kurudisha umeme: kutu na rangi huukata. Vuta waya wake hadi kwenye plagi.

Kwa tani 12 kwenda juu, shauri langu ni breki za upepo kama lori lina kompresa. Mpira wa akiba, ule unaojaza tangi la upepo la trela, ukikatika, trela hujifunga breki lenyewe. Cha kukaguliwa ni mwendo wa kijiti cha chemba, yaani kile kinachosukumwa na upepo ili kufunga breki: kwenye chemba ya kawaida ya aina ya 30, upepo ukiwa baa 6 hadi 7 na breki imekanyagwa, kisizidi milimita 51. Kikizidi, chemba inakaribia mwisho wake na nguvu hushuka ghafla, hasa dramu ikiwa ya moto. Penye ajasta (kifaa cha kurekebisha nafasi ya breki) inayojirekebisha, usiikaze kwa mkono kila wiki. Kijiti kinachorefuka tena na tena kinaonyesha ajasta mbovu, pini zilizolika au bushi zilizokwisha.

Rampu huachwa mwisho, nazo ndizo zinazopindua mitambo. Sakafu yenye kimo cha sentimita 85 na rampu ya mita 1.5 hutoa mwinuko wa karibu nyuzi 35. Hakuna shindilia la ngoma laini ya chuma linalopanda hapo salama, na kijiko kikifika kileleni kitaning'inia kisha kidondoke kwa kishindo kwenye sakafu. Mimi huchukua nyuzi 15 kama kikomo. Kwa kimo hicho unahitaji rampu ya mita 3.3, ambayo ni nzito na ndefu. Njia nzuri ni mkia wa sakafu ulioinamishwa: mita 1.5 zinazoshuka sentimita 25 huacha ukingo kwenye sentimita 60, na rampu ya mita 2.3 inatosha.

Uwezo wa rampu usiugawe kwa mbili na kuridhika. Mtambo ukiinama kidogo upande mmoja, rampu moja hubeba zaidi ya nusu. Kwa mtambo wa tani 9 chagua kila rampu yenye uwezo wa tani 6 au zaidi. Uso wake uwe na vizuizi vilivyochomelewa au mbao ngumu. Mnyororo wa chuma juu ya bamba tupu la chuma lenye tope la mvua huteleza kama sabuni.

Jambo la mwisho ni miguu ya kuegemeza nyuma ya trela, ambayo wauzaji wengi huiita ya ziada. Mtambo ukiwa kwenye rampu, mkia hushuka na mkono wa mbele huinua sehemu ya nyuma ya lori. Kama breki ya kuegesha hushika magurudumu ya nyuma tu, lori linapoteza mshiko wake na msafara wote huanza kurudi nyuma na mtambo ukiwa nusu njiani. Teremsha miguu mpaka iguse ardhi ngumu au ubao mnene, weka kabari kwenye magurudumu ya trela na ya lori, na trela lisilo na miguu hiyo usilinunue mpaka ichomelewe.

Fundi wa matrela