Karamzin na Tanbihi Zake: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za mama yako. Sisi hatujambo, na goti langu halinisumbui kama mwezi uliopita. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema msimamizi wako amekurudishia sura ya pili ya tasnifu, ile ya manamba, vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, akiwa ameandika ukingoni kwa wino mwekundu: "Hii ni hadithi, si historia." Kwa hasira umeamua kuzifuta tanbihi zote na kuichapisha kama hadithi kweli. Kabla hujazifuta, nivumilie nikusimulie habari za Nikolai Karamzin, mwandishi wa Kirusi, ambaye naye alishambuliwa kwa maandishi yake na watu wenye vyeo kuliko msimamizi wako.

Karamzin alizaliwa mwaka 1766 katika familia ya makabaila wa mkoa wa Simbirsk, kando ya mto Volga. Mwaka 1789 alifunga safari ya kuzunguka Ulaya, na huko Königsberg akabisha hodi kwa mwanafalsafa Kant bila barua yoyote ya utambulisho. Mzee akampokea, wakazungumza kiasi cha saa tatu. Barua alizozitoa kuhusu safari hiyo ziliwaonyesha Warusi kwamba lugha yao inaweza kuandikwa jinsi watu waungwana wanavyoisema sebuleni, bila uzito wa Kislavoni, lugha ya kale ya kanisani. Wahafidhina wa lugha walimshambulia kwa miaka mingi, wakisema anaiharibu.

Kilichompa jina zaidi ni hadithi fupi ya mwaka 1792, "Liza Maskini". Liza ni binti wa mkulima anayeuza maua mjini Moscow. Kijana tajiri anamuuliza bei, anajibu kopeki 5. Kijana anataka kumpa rubo nzima, yaani kopeki 100, naye anakataa kwa kuwa haihitaji ziada. Baadaye kijana huyo anamhadaa, anapoteza mali yake kwenye karata, anaoa mjane mwenye fedha, na Liza akimfuata anapewa rubo 100 na kuonyeshwa mlango. Binti anajitosa katika bwawa karibu na monasteri ya Simonov. Wasomaji walikwenda kulia kando ya bwawa hilo na kuchonga maneno kwenye miti yake, kana kwamba Liza alikuwa mtu wa kweli. Nilipokuwa nikisoma Moscow nilipanda metro Jumapili moja nikalitafute. Lilikuwa limefukiwa zamani. Nilikuta minara michache ya monasteri, kipande cha ukuta, na baridi ya kukata masikio.

Basi fikiria mshangao wa watu pale mwandishi huyu wa machozi alipoteuliwa na Tsar, yaani mfalme wa Urusi, Aleksandr wa Kwanza, mwaka 1803, kuwa mwandishi rasmi wa historia ya dola, kwa malipo ya rubo 2,000 kwa mwaka. Shemeji yake, mshairi Vyazemsky, alisema Karamzin amenyolewa nywele akaingia utawa wa historia. Na kweli alijifungia. Miaka mingi aliipitisha Ostafyevo, shamba la ukoo wa Vyazemsky nje ya Moscow, akisoma miswada ambayo wengi hawakuwahi kuifungua. Mojawapo ya nakala muhimu kuliko zote za kumbukumbu za kale za Warusi, ile iitwayo Ipatiev, ni yeye aliyeigundua.

Mwaka 1812 Napoleon aliingia Moscow na mji ukaungua. Maktaba yote ya Karamzin ikawa majivu, lakini nakala ya kitabu chake cha historia ilisalimika, naye akamwandikia rafiki kwamba Camões ameokoa utenzi wake. (Huyu ni Camões Mreno, yule aliyeimba safari ya Vasco da Gama hadi Malindi yetu ikaingia katika ushairi wao, inasemekana aliunusuru mswada wake meli ilipozama.) Katika moto huohuo iliteketea nakala pekee ya Kumbukumbu za Utatu, mswada wa ngozi wa mwanzoni mwa karne ya 15. Lakini Karamzin alikuwa amenukuu vipande vyake vingi katika tanbihi zake. Zaidi ya miaka 100 baadaye mtaalamu Priselkov alizichukua nukuu hizo, akazilinganisha na maandishi mengine, akaujenga upya mswada ambao haupo tena duniani. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1950. Hapo ndipo nilipotaka kukufikisha.

Majuzuu manane ya kwanza ya historia yake yalitoka mwaka 1818, nakala 3,000, yakauzwa yote katika muda usiotimia mwezi. Mshairi Pushkin alisema Urusi ya kale iligunduliwa na Karamzin kama Columbus alivyoigundua Marekani. Watu walisoma maandishi yenyewe kama riwaya, hasa juzuu la tisa la mwaka 1821, linaloeleza bila kificho mauaji yaliyofanywa na Tsar Ivan wa Nne. Mwishoni mwa majuzuu zilikuwamo tanbihi zaidi ya 6,000, ambazo wasomaji wengi waliziruka, na ambazo wanahistoria wa leo huzifungua kwanza.

Sikupi mtu huyu umwige katika kila jambo. Aliandika kwamba hata wanawake wa wakulima wanajua kupenda, na huku akimiliki wakulima, akamshauri Tsar mwaka 1811 asiharakishe kuwaacha huru. Kitabu chake alimtabarukia Tsar akisema historia ya taifa ni mali ya Tsar, na kijana Nikita Muravyov, aliyekuja kuwa mmoja wa waasi wa Desemba, maofisa walioupinga utawala wa Tsar, akamjibu kwamba historia ni mali ya watu. Mimi niko upande wa Muravyov. Manamba wako hawamo kabisa katika historia ya namna ya Karamzin, na ndiyo maana nataka sura yako isimame.

Siku ya uasi ule, Desemba 1825, Karamzin alikuwa uwanjani Petersburg, baridi ikampata, naye akafariki mwaka uliofuata. Juzuu la 12 lilikatikia kwenye vita vya mwaka 1611, kwenye sentensi inayosema ngome ya Oreshek haikusalimu amri.

Sasa, sura yako. Ule ukurasa wa mzee anayeeleza jinsi walivyopangwa alfajiri kuhesabiwa kwa namba uache ulivyo, usibadilishe hata neno, ni mzuri. Lakini chini yake hukuandika ni nani aliyekueleza, alikuwa na umri gani, mlizungumza kijiji gani na siku gani. Rudi kwenye daftari lako la Muheza ukayaandike, kama mzee ameridhia jina lake litajwe. Kisha nitumie nakala. Nitaisoma kwanza kuanzia chini ya ukurasa.

Mama yako anauliza kama lile blanketi limefika.

Wako akupendaye,
Baba