Salamu za Shukrani: Mtoto Wetu Ametoka Hospitali

Familia yetu inapenda kutoa shukrani za dhati kwa ndugu, jamaa, marafiki na majirani mliokuwa nasi tulipomuuguza mtoto wetu, aliyezaliwa na kasoro ya moyo. Ameruhusiwa. Ananyonya, analia kwa sauti, na usiku hataki kabisa kulazwa chini.

Wengi mmeuliza ile mashine ilikuwa ya nini. Upasuaji ulikwenda vizuri, ila baada yake moyo ulishindwa kusukuma damu wenyewe. Ndipo wakamuunganisha na ECMO, mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu kutokea nje ya mwili. Mrija mmoja unatoa damu kwenye mshipa mkubwa, pampu inaipitisha kwenye kifaa kinachoipa oksijeni na kuiondolea hewa chafu, na mrija wa pili unairudisha mwilini. Tuliiona kwa macho ikitoka imeiva weusi, ikirudi nyekundu. Mashine hiyo haitibu, inaupokea moyo mzigo upate kupumzika. Tena ina hatari zake, maana dawa inayozuia damu isigande ndiyo hiyo hiyo inayoweza kumfanya mtoto avuje damu, hata kwenye ubongo. Daktari bingwa hakutuficha: kwa watoto wa moyo wanaofikishwa hapo, takriban nusu ndio wanaorudi nyumbani.

Shukrani za kwanza, na wengine mtuwie radhi, ni za waliochangia damu. Mtoto mchanga ana damu ya takriban mililita 80 kwa kila kilo ya uzito wake. Wetu, na kilo zake tatu, damu yake yote isingejaza glasi. Kwa hiyo mirija ya mashine ilijazwa kwanza damu ya watu wengine, kisha akawa anaongezewa damu na chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Baadhi yenu mlikuja mliposikia tangazo letu. Wengine mlishatoa zamani na hamjui ilikwenda kwa nani. Ilikuja kwetu.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi na wataalamu wa mashine waliokesha. Kuna muuguzi mmoja wa zamu ya usiku aliyekuwa akimulika mirija kwa tochi, kipande kwa kipande, akitafuta mabonge ya damu. Akimaliza anaandika, halafu baada ya muda anaanza tena. Siku walipopunguza kasi ya pampu kidogo kidogo ili kumtoa kwenye mashine, huku wakiutazama moyo kwa kipimo cha eko, yaani picha ya mawimbi ya sauti, yeye alikuwa mapumzikoni. Alipiga simu wodini kuuliza.

Kwa mama wa kitanda cha jirani, ambaye mwanawe hakutoka: ulikuja kumwona wetu hata baada ya mazishi ya wako. Pole sana, dada yetu. Wapo wanaosema mtoto wetu amepona kwa sababu tuliomba sana. Mama huyu naye aliomba usiku kucha, tulimsikia. Tunaomba hayo yasisemwe.

Kamati ya michango imefunga hesabu, na kila aliyechangia atatumiwa mapato na matumizi. Kilichobaki tumeomba kimsaidie mtoto mwingine aliye wodini.

Kliniki ya moyo bado inaendelea, na dawa vilevile. Mnaotaka kuja kumwona karibuni sana, ila mwenye mafua au kikohozi tafadhali asubiri apone kwanza, na kila anayembeba anawe mikono. Bibi yake ndiye anayelinda mlango, na hana mzaha.

Ni sisi, baba na mama, kwa niaba ya familia.