Karatasi ya rufaa peke yake haimfikishi mgonjwa Dar es Salaam

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kampeni za uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi hapa Tanga. Gari la matangazo linapopita Makorora na Ngamiani kuwaita akina mama wakapimwe bila malipo, wengi hujitokeza, nami nawashukuru kwa dhati wauguzi wanaohudumia foleni hiyo kutwa nzima. Wasiwasi wangu ni juu ya yule anayekutwa na tatizo kubwa, kwani hukabidhiwa karatasi ya rufaa, kampeni ikahamia kata nyingine, na tangu hapo hakuna anayemuuliza amefikia wapi.

Kipimo chenyewe ni chepesi na kila mwanamke anastahili kuelezwa kabla hajaingia chumbani. Muuguzi hupaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, husubiri kama dakika moja, kisha hutazama kama pana sehemu iliyogeuka nyeupe. Weupe huo mara nyingi si saratani bali ni mabadiliko ya awali, ambayo yakiwa madogo huondolewa kwa kugandishwa au kwa joto, na mama akarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Virusi vya HPV huchukua miaka mingi, aghalabu 15 hadi 20, kabla ya kuleta saratani, hivyo nafasi ya kuuzuia ugonjwa ipo. Kwa wanaoishi na VVU muda huo ni mfupi zaidi, na hao ndio wa kuitwa mwanzo.

Ugonjwa ukishakomaa, mambo hubadilika. Mgonjwa wa Tanga anayepelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road kwa ajili ya mionzi husafiri kilomita zipatazo 350, na matibabu hayo kwa kawaida ni ya siku tano kila wiki kwa muda wa wiki tano hivi. Mama anayeuza samaki Deep Sea, au mkulima wa machungwa wa Muheza, atafikia kwa nani muda wote huo, na watoto atamwachia nani? Nimewaona waliofunga karatasi ya rufaa kwenye pindo la kanga wakaenda kwa mganga wa jirani, kwa kuwa kwake hakuhitaji nauli ya basi. Siwalaumu hata kidogo.

Elimu nayo isiishie kwa wanawake. Katika nyumba zetu nyingi ruhusa ya safari na fedha ya matibabu hutoka kwa mume, lakini ni nadra mume kuitwa kwenye mikutano hii. Chanjo ya HPV, iliyoanza kutolewa nchini kote mwaka 2018 na ambayo sasa ni dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bado inasemwa mitaani kwamba inafunga kizazi. Uvumi huo si wa kweli, na utazimika upesi zaidi muuguzi akiketi na akina baba baada ya swala ya Ijumaa au ibada ya Jumapili, akawajibu maswali yao bila kuwakemea.

Vikoba vyetu vina mfuko wa jamii ambao hutoa fedha haraka unapotokea msiba. Katika kikundi chetu tumekubaliana kwamba sehemu ya mfuko huo imsaidie mgonjwa angali hai, kwa nauli na chakula cha anayemsindikiza. Lakini hatuwezi kuwajua wanaohitaji, wala si haki siri za wagonjwa zitangazwe. Kwa hiyo naiomba halmashauri ya jiji, katika kampeni ijayo, itaje pamoja na tarehe ya upimaji mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kila mtaa atakayewafuatilia waliopewa rufaa kwa ridhaa yao, ili nasi tujue nauli tumkabidhi nani.

Katibu wa kikundi cha akina mama,
Makorora, Tanga