Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliyejitolea kusafirisha mbwa

Mdogo wangu,

Shangazi ameniambia umejiandikisha kuendesha kipande cha Roanoke hadi Staunton, na kwamba nyumbani wameguna: mtu katoka kwao mpaka Virginia, halafu Jumamosi yake anampa lifti mbwa asiye wake. Waache wagune. Ninakuandikia hadharani kwa sababu Waswahili wengine waliotapakaa kandokando ya barabara kuu ya 81 nao huombwa kazi hii, na mara nyingi hukubali kabla hawajaelezwa inafanywaje.

Shida inaanzia kusini. Tennessee, Alabama, Georgia na Louisiana vituo vya wanyama hujaa kwa sababu mbwa wengi hawajafungwa uzazi, baridi ni fupi, na vijijini daktari wa mifugo wa bei nafuu ni adimu. Nafasi ikiisha, wanauawa hata wazima wenye tabia njema. Kaskazini, miaka mingi ya kampeni za kufunga uzazi imepunguza watoto wa mbwa, na watu wanawatafuta. Kimbunga Katrina cha Agosti 2005 kilizoesha vituo kuhamisha wanyama kwa wingi kutoka jimbo hadi jimbo. Tangu 2008 wapo pia marubani wa kujitolea wa Pilots N Paws wanaowabeba kwa ndege ndogo. Kwenye njia yako ni magari ya kawaida tu, dereva mmoja akimkabidhi mwenzake baada ya saa moja au moja na nusu. Kipande chako ni kilomita 140 hivi.

Kuendesha utaweza. Ninachotaka kikukae kichwani ni dakika ile ya kukabidhiana, pale maegesho ya sheli, malori yakinguruma na milango miwili ikiwa wazi. Hapo ndipo mbwa hupotea. Ametolewa kizimbani alfajiri, amebadilisha magari mawili, hamjui yeyote. Akishtuka hurudi kinyumenyume, kola inapita juu ya masikio, na barabara kuu iko mita hamsini tu.

Kwa hiyo kila mbwa avae vitu viwili, kila kimoja na kamba yake: mikanda ya kifuani au kola inayojikaza akivuta, na juu yake kamba ya kitanzi. Kola ikae juu shingoni, nyuma ya masikio, na iingize vidole vyako viwili, si vitatu. Kitanzi nacho kina upande wake. Mbwa akiwa kushoto kwako, mgeukie umtazame, ukishike kikiwa na umbo la herufi P, ndipo umvishe. Kikiwa kinyume kitabana na hakitalegea tena. Kile kipande kidogo cha ngozi kinachoteleza kwenye kamba ukisukume mpaka karibu na shingo, la sivyo akiinamisha kichwa kitanzi kinadondoka.

Haya yote yafanyike mlango ungali umefungwa. Mmoja wenu anaingia kiti cha nyuma, anajifungia humo, anamvisha, anazungusha kamba kwenye kifundo cha mkono badala ya kuishika kwa vidole. Mlango unafunguliwa upana wa mwili wa mtu tu. Anayetoa haachii mpaka anayepokea aseme kwa sauti, "Ninaye." Mwulize tena: "Unaye?" Akijibu ndiyo, ndipo ufungue mkono. Mbwa mmoja kwa wakati mmoja, hata mkichelewa. Kama ni mdogo na yuko kizimbani, hamisheni kizimba kizima, msimtoe kabisa.

Akiponyoka, usimfukuze na usimwite. Jina lake huenda alipewa kituoni juzi tu, halijui, na ukimkimbilia unamsukuma barabarani. Kaa chini, mpe ubavu, usimkodolee macho, acha mlango wa gari wazi na blanketi la kizimba chake pamoja na chakula chenye harufu kali karibu. Wakati huohuo mwenzako ampigie mratibu, yule anayepanga safari na madereva, na ofisi ya udhibiti wa wanyama ya kaunti. Msiondoke mpaka watu wenye mtego wafike.

Gari liandae Ijumaa. Kizimba kinatosha kama mbwa anaweza kusimama, kugeuka na kulala akiwa amejinyoosha. Usikiweke kiti cha mbele, maana mfuko wa hewa ukifumuka utakiponda. Kifunge kwa mikanda ya mizigo kwenye vyuma vya sakafu. Mlango wake uongezee ndoano ya chuma ya springi. Wengine hutumia zile tai za plastiki za mafundi umeme. Mimi sizipendi, kwa sababu siku ya ajali mwokoaji atatafuta mkasi. Funga vitufe vya madirisha ya nyuma, maana mbwa aliye nje ya kizimba hukanyaga kitufe na dirisha linashuka mkiwa mwendo kasi. Chini tandika plastiki, juu yake pedi za kunyonya mkojo na taulo kuukuu. Wengi hutapika, kwa hiyo muulize mratibu kama waliokomaa wamenyimwa chakula saa chache kabla ya kuondoka. Vitoto usivishindishe njaa: sukari yao hushuka haraka. Kitoto kikilegea na kutetemeka, kipake asali kidogo kwenye fizi na upige simu.

Joto la ndani liwe kati ya nyuzi 16 na 27. Usiwaache garini bila mtu hata ukienda chooni. Nje kukiwa na nyuzi 21 tu, gari lililofungwa hufika 32 kwa dakika kumi na 40 kwa nusu saa.

Karatasi nazo. Kila mbwa awe na cheti cha afya cha daktari wa mifugo kwa ajili ya kuvuka majimbo, ambacho kwa kawaida hudumu siku 30, na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kama umri umefika. Namba ya kizimba, ya bahasha na ya orodha ya mratibu zilingane. Asiye na karatasi asipande, hata kama anakutia huruma. Massachusetts, wanakoishia baadhi yao, huwatenga kwanza saa 48 mahali palipoidhinishwa, na mmoja aliyepita kiholela anaweza kuwafungia njia wote wanaofuata. Anayeharisha damu au aliyelegea asipande pia. Mweleze mratibu, uamuzi ni wake.

Ninachokiogopa kwa vitoto ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo wa mbwa. Virusi vyake hukaa udongoni miezi mingi, na kitoto huonekana kizima leo kikaanguka wiki ijayo. Visikanyage nyasi za sheli wala za kituo cha mapumziko. Ile dawa ya mikono ya spiriti haiviui, tumia glavu na ubadilishe kila kundi. Ukirudi, osha vizimba kwa sabuni kwanza, maana uchafu huidhoofisha jiki, kisha nusu kikombe cha jiki kwa galoni moja ya maji, iache dakika kumi, suuza.

Najua unaswali. Nguo za swala zifunge kwenye mfuko, ziwe mbali na vizimba. Kwa sisi wa madhehebu ya Shafii mate ya mbwa ni najisi nzito, mahali yalipogusa paoshwe mara saba, mojawapo kwa udongo, basi beba maji na kikopo cha udongo safi. Ukiona bado ni uzito, omba paka. Nao wanasafirishwa, na madereva wao hawatoshi. Kizimba cha paka kifunike kwa shuka na usikifungue njiani kwa sababu yoyote.

Mbwa akilamba midomo bila chakula, akipiga miayo mfululizo, akionyesha weupe wa macho au akiganda kama mti, ana hofu. Usimkumbatie wala usimwinamie usoni. Zima redio, endesha taratibu.

Usiku huu mwandikie mratibu umuulize: mbwa wangapi, kila mmoja kilo ngapi, nani anapatana na nani, dume gani halijahasiwa, vizimba vinakuja nao au ni vyako, na aina ya gari na simu ya dereva atakayekungoja Staunton. Akikujibu pima buti lako kwa futi. Visipoenea, mwambie mapema akupunguzie mbwa, bado ana muda wa kumpata dereva wa pili.