Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama, chama chetu cha wazazi wa watoto wasioongea, Mbeya

Haya jamani, shikamooni wakubwa, wengine habari za kwenu. Mambo ya hela atasoma mhazini, mimi niseme tu ada zinasuasua, na mwezi wa sita na wa saba kwa baridi ile ya Uyole vikao viwili vilikufa, hakuna aliyetoka kitandani.

Sasa nianze na kwangu. Kijana wangu mnamjua, ana mtindio wa ubongo, haongei, anatembea kwa kujiburuta. Siku moja tunakula viazi, mimi na baba yake tunajadili tumpeleke akakae kwa bibi yake Tukuyu maana biashara ya Mwanjelwa na kulea vimenishinda, tunaongea mbele yake hivyohivyo kama tunahamisha kabati. Kesho yake viatu vyake sivioni. Jioni ndo navikuta chini ya kitanda, kavisukuma mpaka ukutani. Niliishiwa nguvu, nikakaa chini, nikaanza kukumbuka yote niliyowahi kusema mbele yake.

Kuongea kunataka ulimi, midomo na pumzi vitii, kuelewa ni kazi nyingine kabisa. Ila tusidanganyane, sio wote wanaelewa sawasawa, na wengine shida ni masikio, ndo maana tulisema kila mtoto akapimwe usikivu kwanza. Wasiopeleka bado nawajua.

Vibao vya picha, vile mtoto anagusa picha kusema anachotaka, vimetubeba. Tulipiga kwa simu kikombe chake mwenyewe, choo cha kwao, bajaji, tukaprinti tukaleminisha. Walioogopa mtoto atakuwa mvivu wa kuongea, hapana, imeshachunguzwa sana, picha haizuii maneno yasije. Tulichokosea ni kwamba kibao cha kwanza kilikuwa na maji, chakula, choo, lala, hivyo tu, mpaka mama mmoja wa Mbalizi akauliza mbona hakuna "sitaki"? Tukaiweka. Wiki nzima watoto wakawa wanagonga hiyo tu, hata kwa uji!

Kosa lingine haraka zetu, unauliza unajibu mwenyewe. Hesabu mpaka kumi kimoyomoyo, umwangalie macho.

Na yule aliyetaka tulipie mafunzo ya kumshika mtoto mkono aandike, kamati ilikataa. Marekani miaka ya 1990 walipima, mtoto akaonyeshwa picha moja na anayemshika mkono akaonyeshwa nyingine, kilichoandikwa kikawa kile alichokiona anayeshika mkono. Mtoto aonyeshe mwenyewe, kwa kidole, kwa jicho, hata kwa goti, mradi ni yeye.

Mwakani nataka wababa, leo nimehesabu wanne.

Tukuyu tunaenda Desemba, wote watatu, na kurudi wote watatu. Nimemuuliza kwanza, nikahesabu mpaka kumi, nikaongeza na nne, ndo akaangalia picha ya bibi.

Mhazini, karibu.