Nilisema Usiende Kabla Sijauliza Unakwenda Wapi

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo. Goti la bibi yako wa Makorora limepoa kidogo, na mdogo wako anakula kama kawaida yake.

Jumapili uliponipigia kunieleza kwamba umepata nafasi ya kozi ya miezi tisa Durban, Afrika Kusini, nilisema "usiende" kabla hujamaliza maneno. Kisha nikasingizia salio linakwisha, na wewe ndiye uliyepiga. Nimeona haya wiki nzima. Jambo hili siliwezi kwa simu, maana mama yako hukaa ubavuni amenyoosha mkono aipokee, kwa hiyo nimechukua daftari.

Nianze na yangu, ambayo hujapata kuisikia kinywani mwangu. Mwaka 1986 nilikuwa kibarua bandarini. Enzi hizo meli kubwa hazikufika gatini hapa Tanga. Zilitia nanga nje, mizigo ikapelekwa kwa matishari. Aliyetaka kuzamia, yaani kusafiri melini kwa kujificha, ilimbidi kwanza ajifiche kwenye tishari, katikati ya marobota ya mkonge, halafu usiku atafute namna ya kupanda melini. Mimi na rafiki yangu Athumani tulipanga miezi mitatu. Siku yenyewe ilipofika, tumbo likanisokota, nikashuka, nikarudi nyumbani kulala. Athumani akaenda.

Ilikuja kadi moja kutoka Durban, yenye picha ya ufuko, halafu kimya. Miaka mingi baadaye baharia mmoja wa Chumbageni akatuambia amemwona Cape Town, analala chini ya daraja pamoja na vijana wengine wa Tanga na Dar. Hatukupata habari nyingine. Mama yake alifariki akiwa bado anamsimamisha kila baharia anayerudi.

Watu wa mtaani walikuwa wakinipigia mfano: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nami nikaupokea, nikajihesabu mwenye busara kwa miaka arobaini. Lakini siku ile sikupima kitu, mwanangu. Lilikuwa tumbo. Athumani naye hakupima. Ndiyo maana neno Durban lilipotoka kwenye simu, aliyekujibu ni tumbo lile lile la kwenye tishari.

Na mimi ndiye niliyestahili kujua zaidi, kwa kazi niliyoifanya baadaye. Nimewatembeza wageni kwenye Mapango ya Amboni hadi magoti yakakataa kutambaa. Mwaka 2014 nilikuwa na kundi la Wajerumani kumi na wawili, nikakopa na kukodi gari. Wiki mbili kabla, wakaahirisha. Ebola, wakasema. Ebola ilikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Nilichukua atlasi yako ya shule nikapima kwa rula: Sierra Leone iko karibu na Hispania kuliko ilivyo karibu na Tanga, na wale wageni wangekwenda Hispania bila wasiwasi. Ukikumbuka mwaka ule ada yako ilichelewa, chanzo ni hicho.

Halafu Februari 2015 askari wetu wakapambana na watu wenye silaha huko huko Amboni, mwanajeshi mmoja akapoteza maisha. Wageni wakakauka tena. Safari hii hofu ilikuwa ya haki. Mimi mwenyewe nisingempeleka mtu pangoni wiki ile, hata kwa fedha gani. Ila mtu aliyekuwa Pangani akiogelea hakuwa na neno, na mwaka mmoja baadaye mapango yalikuwa yale yale ya popo na vigogo vya mawe. Nilijifunza hapo kwamba onyo hutolewa kwa jina la nchi, lakini hatari ina mtaa wake na saa yake. Nilijifunza, kisha Jumapili nikasahau.

Basi wiki hii nimeichukua simu ya mdogo wako, nikasoma, nikaenda kukaa na wazee wa Chumbageni waliowahi kuishi kule. Sikufichi nilichokikuta. Afrika Kusini, kwa mwaka mmoja ulioishia Machi 2023, waliuawa watu zaidi ya 27,000. Ni zaidi ya 70 kila siku. Durban imo ndani ya hesabu hiyo. Vituo vya polisi vya Inanda na Umlazi, vyote vya huko, hutajwa mara kwa mara miongoni mwa vile vyenye mauaji mengi nchini. Julai 2021, rais wao wa zamani Jacob Zuma alipofungwa, maduka yaliporwa na kuchomwa moto na watu zaidi ya 300 wakafa, wengi wao katika jimbo hilo hilo la KwaZulu-Natal. Aprili mwaka uliofuata mafuriko yakaua zaidi ya 400.

Lakini nilipouliza chuo kiko wapi na bweni liko wapi, wazee wakaanza kubadilisha sauti. Mmoja aliyekaa kule miaka tisa alisema hivi: Durban ya mchana ina watu wake, na Durban ya usiku ina watu wengine, na ukikaa mbali na barabara za karibu na bandari jua likizama umeshakwepa mengi. Alisema zaidi ya hayo, ila mengine yalikuwa ya ujana wake na hayakuhusu.

Linalonisumbua mimi kuliko majambazi ni hili la kuchukiwa kwa kuwa mgeni. Mwaka 2008 waliuawa watu 62. Aprili 2015 vurugu zilianzia Durban kwenyewe, na waliofukuzwa majumbani wakawekwa kwenye mahema, mojawapo ya kambi ikiwa Chatsworth, humo humo Durban. (Chatsworth hiyo hiyo kuna watu wanaoitwa Wazanzibari hadi leo. Babu zao waliokolewa kwenye majahazi ya watumwa na kushushwa Durban kuanzia 1873, na wengi asili yao ni Wamakua. Ukipata nafasi nenda ukawasalimie.) Na mwaka 2025 makundi ya watu yalisimama kwenye milango ya zahanati na hospitali za umma, Durban ikiwemo, wakidai vitambulisho na kuwarudisha wageni. Kwa hiyo ile bima ya afya wanayotaka kwenye viza ya masomo usiichukulie kama karatasi ya kukamilisha faili. Soma inalipia hospitali gani za binafsi, na uliza kama inasafirisha mgonjwa hadi nyumbani. Nakuomba usinunue ya bei ya chini kabisa ili unitumie mimi fedha iliyobaki. Nakujua.

Sasa geuza upande wa pili. Kila Idi unapanda basi kutoka Dar hadi huku, kilomita kama 350, unalala kuanzia Chalinze, unaamkia Segera. Februari 2023, pale Magila Gereza, Korogwe, msafara uliokuwa unasafirisha maiti kwenda Rombo uligongana na lori usiku, watu zaidi ya kumi na watano wakafa. Baada ya hapo umepanda basi mara ngapi? Hujawahi kunipigia kuniuliza kama upande, wala mimi sijawahi kukukataza. Barabara hiyo tumeizoea, ndiyo maana haitutishi. Sisemi Durban ni salama kama Segera au zaidi, hilo sina mizani yake. Nasema tu kwamba mizani niliyoitumia Jumapili ilikuwa mbovu.

Mama yako bado hataki. Nikueleze hoja yake kama ilivyo, maana si ya kijinga. Anataja vijana wetu wawili waliokwenda Israeli kujifunza kilimo. Walikwenda kwa karatasi halali, kwa mpango halali, wakauawa Oktoba 7, 2023. Wazazi walikaa wiki nyingi bila kujua, na mwili wa mmoja wao ulikabidhiwa Novemba 2025, miaka miwili na zaidi. "Wale walikosea nini?" ananiuliza. Hawakukosea kitu. Sina jibu la kumpa mama yako hapo, na nimeacha kulitafuta. Kuna hatari ambayo mtu huipima akaikwepa, na kuna ile ambayo haimo kwenye mizani ya mtu yeyote. Anachokiogopa yeye hasa ni kutojua. Anasema kufiwa kuna matanga, na matanga yana siku ya kuanua.

Hilo la kutojua ndilo ninaloweza kulifanyia kazi. Unakumbuka nilivyokuwa nikiingia pangoni na wageni: nawahesabu mlangoni, namwachia mlinzi idadi na saa ya kutoka, na saa hiyo ikipita kwa dakika thelathini anaingia na kurunzi bila kuuliza mtu. Sikuwahi kuliacha hilo hata na mgeni mmoja. Tufanye hivyo. Chagua siku mbili za wiki na saa moja isiyobadilika, unampigia mama yako, hata kama ni dakika moja. Ukiikosa saa hiyo, mimi nampigia mwenzako wa bweni. Asipopokea, napiga chuo. Halafu ubalozi wetu Pretoria. Kwa hiyo nataka namba ya bweni na ya mtu mmoja wa ofisi ya wanafunzi kabla hujakata tiketi, na nataka ujiandikishe ubalozini wiki ya kwanza, usingoje matatizo. Pretoria iko mbali na Durban, hawatakuja mbio, lakini jina lako liwepo. Polisi wa kule ni 10111, na kwa simu ya mkononi 112. Ziandike pia kwenye karatasi, kwa sababu kitu cha kwanza kuibiwa ni simu.

Na hapo nikuseme kidogo. Hatari nyingine unatembea nayo mwenyewe. Wewe huandika ujumbe huku unavuka barabara. Simu mbili zimeibwa mkononi mwako, moja pale stendi ya Kange, ukiwa umbali wa hatua tano kutoka nilipokuwa nimesimama. Huwa unaona haya kumkatalia mtu anayejitolea kukubebea begi. Kule usimpe mtu begi. Fedha utoe kwenye mashine za ndani ya maduka makubwa, mchana. Gari la kuagiza kwa simu, soma namba yake kabla hujafungua mlango, na dereva ndiye akutajie jina lako, si wewe umtajie.

Yapo mambo ambayo ukinijibu vibaya nitarudi kwenye "usiende", na safari hii halitakuwa tumbo. Ndege inatua saa ngapi, na nani anakupokea? Uwanja wa King Shaka uko nje ya mji, kama kilomita 35. Kama unatua usiku na chuo hakitumi gari, badilisha tiketi hata kwa kuongeza fedha, utue asubuhi. Na ukibadilisha ndege Johannesburg usitoke nje ya uwanja, maana kuna wasafiri wanaofuatwa na majambazi kutoka pale hadi walikofikia. Chumba ni ndani ya bweni la chuo, au wanasema "tutakutafutia mjini"? Hilo la pili silitaki. Pasipoti inakaa kwako, au kuna mtu atakayesema anakuhifadhia? Na barua ya kukubaliwa, umepiga mwenyewe namba ya chuo uliyoitafuta wewe, au ile iliyoandikwa kwenye barua? Usicheke. Kuna wasomi waliolia kwa hilo.

Fedha ya tiketi ya kurudi nitaiweka mimi. Nimeuza ile mbao ya mvule iliyokuwa ukumbini, usiulize bei. Itakaa kwenye akaunti yako na haiguswi kwa kitabu wala kwa kiatu. Ukiona mji umeanza kuchemka kama 2021, usingoje kozi iishe, wala usinipigie kuomba ruhusa. Panda ndege, cheti kitafuata au kisifuate.

Sijasema nenda. Una miaka ishirini na saba, neno hilo si langu tena, na kusema kweli "usiende" nalo halikuwa langu. Nijibu maswali hayo kwa maandishi, taratibu, nimsomee mama yako.

Kuna mzigo wako Jumamosi kwenye basi la saa mbili. Kondakta ni yule mrefu, atakupigia akikaribia Mbezi, uwe pale stendi ya Magufuli mapema maana hasubiri. Mna samaki wa kukaanga, machungwa ya Muheza, na dawa ya kifua ya bibi yako. Chini kabisa utakuta sweta. Mama yako alilinunua jana Barabara ya Kumi na Mbili, akalikunja akalificha chini ya machungwa akidhani sikumwona. Durban haina baridi ya kiasi hicho, wazee wameniambia. Sikumwambia.

Wako,
Baba