Ushindi wa Ulitina haukuwa wa goti

Mhariri,

Kila ikitajwa badminton ya Olimpiki ya Rio 2016, husemwa Saina Nehwal wa India alitolewa na goti. Ni kweli goti lilikuwa bovu, na baadaye lilifanyiwa upasuaji. Lakini ng'ambo ya wavu alikuwapo mtu: Maria Ulitina wa Ukraine, ambaye hakuwa hata miongoni mwa 50 bora duniani, akimkabili mshindi wa shaba ya London 2012. Alimfunga seti mbili mfululizo, 21-18 na 21-19.

Wasiocheza hudhani kuwa mgonjwa hujifunga mwenyewe. Thubutu! Mwenye goti bovu ukimpigia katikati ya uwanja, atakurudishia akiwa amesimama. Inabidi umvute pembe ya mbele, kisha kinyoya (ndicho kinachopigwa badala ya mpira) ukirushe pembe ya nyuma upande wa pili, ili kila mara ajisukume kwa mguu unaouma. Na kinyoya chenyewe kina manyoya 16 na uzito wa gramu 5 hivi. Pigo la mbele likizidi nguvu kidogo tu, kinapaa juu ya wavu na unakula smashi, yaani pigo kali la kushuka. Likipungua, kinanasa kwenye wavu, na pointi ni ya mpinzani hata kama wewe ndiye uliyeanzisha.

Kundi lao lilikuwa la watu watatu, na kiongozi pekee ndiye aliyepita. Alipita Ulitina. Waandishi wenu wa michezo wakiirudia habari hiyo, waanze na jina lake, goti lifuate.

Mpenzi wa badminton,
Tanga